Mrejesho: ile "hay frío" ya gredi ya 7

Wadau, ni mimi yule mwalimu wa Kihispania hapa Nairobi, niliuliza wiki mbili zimepita nifanye nini gredi ya 7 waache kusema "hay frío" wakitaka kusema kuna baridi. Asanteni sana, imeshika, karibu yote. Kumbe shida ni Kiswahili chetu, sisi tunasema kuna baridi, basi mtoto anatafuta neno la "kuna" anapata hay, nikawaambia Mhispania yeye husema inafanya baridi, hace frío, inafanya joto, hace calor, darasa likacheka na hapo ndio ikaingia. (Ukungu nao kweli ni hay niebla, huo nimeuficha kwanza.) Kadi za picha niliachana nazo. Kila asubuhi mmoja anaenda dirishani anatangaza, lakini Julai yetu ni está nublado (kuna mawingu) na hace frío kila siku hadi wakaboeka, nikaleta Madrid, ati huko Julai watu wanaungua na sisi tuko na masweta, wengine wakakataa kabisa kuamini. Jana manyunyu yakaanza kwa mabati, kijana wa nyuma akaruka, "¡llueve!", yaani mvua inanyesha, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Sasa wengine wameanza "hace lluvia", ati inafanya mvua, hiyo bado napigana nayo.