Boti ya rimoti inaacha kusikia ikifika majini: betri na antena niziweke wapi?

Seremala wa Chang'ombe
Habari za jioni wakuu. Mimi ni seremala hapa Chang'ombe, Dodoma. Binti yangu wa kidato cha pili aliniomba likizo hii tuunde boti ya rimoti. Mbao nazijua, umeme ndio unanishinda.

Boti ina sentimita 70, plaiwudi ya milimita 3, nimeipaka epoksi ndani na nje, haivuji hata tone. Ndani kuna mota moja ya brashi, kidhibiti mwendo, sevo (mota ndogo) ya usukani na risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) ya 2.4 GHz. Betri ni ile nzito ya 6V ya taa za dharura. Nimeiweka nyuma kabisa karibu na mota ili nyaya ziwe fupi. Risiva iko sakafuni pembeni yake, na kiwaya cha antena nimekikunja nikakifunga kwa selotepu pamoja na nyaya za betri, pasiwe na fujo.

Uani tulijaribu, binti akaenda na rimoti hadi mita 80, usukani unatii. Jumamosi tukaenda bwawa la Hombolo. Hatua 25 tu kutoka ukingoni ikaacha kusikia. Mota inaendelea, usukani umekwama kushoto, pua juu, nyuma karibu izame, upepo nao unaisukuma mbali. Mvuvi mmoja ndiye aliyeifuata kwa mtumbwi, Mungu ambariki. Njia nzima kurudi mjini binti hakusema neno.

Watu wawili wameniambia ninunue rimoti yenye nguvu zaidi. Ni kweli?

Mtanga wa Ipagala
Fundi, usinunue. Nchi kavu inasikia mita 80, majini hatua 25: kilichobadilika ni maji. Mawimbi ya 2.4 GHz humezwa na maji, na risiva yako, ikiwa sakafuni tena upande uliozama, iko chini ya usawa wa maji.

Anza na betri. Kwetu Tanga chombo kikikaa tezi (nyuma) chini omo (mbele) juu, nahodha anahamisha farumi (uzito wa kutuliza chombo) kabla ya kufikiria jambo lingine, na farumi yako ni hiyo betri. Pasua pipa la lita 200 kwa urefu, jaza maji, elea boti humo. Sogeza betri mbele kidogo kidogo, chini kabisa juu ya mkuku (uti wa chini wa boti), mpaka boti ikae sawa. Itaangukia karibu na katikati. Weka alama, kisha itengenezee kitako cha mbao na mkanda wa kuibana, maana betri ikihama kwenye kona boti inapinduka. Nyaya zikiongezeka sentimita 20 hakuna hasara, mradi ziwe nene.

Sasa antena. Tazama ncha ya kile kiwaya: kuna kipande cha kama milimita 31 kisicho na ganda la nje. Antena ni hicho tu, robo ya wimbi lenye sentimita 12.5; waya uliobaki unaleta mawimbi kwenye risiva. Usikikate wala kukikunja, na kikae mbali na nyaya za mota. Toboa sitaha, simamisha mrija wa plastiki uliozibwa juu, kipitishe humo kisimame. Risiva nayo ibandike juu chini ya sitaha. Plaiwudi haizuii mawimbi, bati ndilo linalozuia. (Ukisikia mtu anasema antena lazima iwe waya wa mita moja ulionyooshwa, huyo anazungumzia risiva za zamani za 27 au 40 MHz.)

Tena soma karatasi ya rimoti, uifundishe risiva kuzima mota ikipoteza mawimbi. Mabwawa yetu yana kichocho, binti asijaribiwe kuingia kuifuata.

Singida
Naongeza moja. Ikizimika pale tu unapotoa mwendo wote, hata ikiwa karibu, hiyo si antena. Mota inavuta umeme mwingi, volti zinaanguka, risiva inajizima na kuwaka upya. Betri ya 6V iliyochoka hufanya hivyo sana. Pima volti huku mota inazunguka majini, siyo hewani. Na mkija kuicheza ziwa Singidani, maji yake ni ya chumvi: isuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, nyaya huota kutu ya kijani upesi.

Seremala wa Chang'ombe
Nimerudi. Betri imesogea mbele sentimita 19, sikutegemea ingekuwa mbali kiasi hicho. Mrija nimetumia ganda la kalamu, ncha nimeziba kwa epoksi. Volti nimepima kama ndugu wa Singida alivyosema, inashuka hadi 5.7, haijajizima.

Jana Hombolo binti alihesabu hatua 110 akipita ukingoni huku boti iko ng'ambo ya mkono mdogo wa maji, inamsikia. Tulizima rimoti makusudi, mota ikasimama palepale. Sasa inavuta kulia kidogo ikienda kasi. Nitaanza kuangalia kama shafti ya propela imekaa katikati ya mkuku.