Wauza spea za mashine za kahawa za zamani, acheni kutuandikia "orijino, inaingia zote"!

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia miezi mitano, leo yamenifika shingoni.

Nina La Pavoni Europiccola ya 1984, ile ya wenzo wa mkono. Niliinunua kwa padre mmoja Mwitaliano alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na tangu hapo kahawa ya asubuhi nyumbani kwetu Moshi haijawahi kutoka kwingine. Mashine ni nzima. Boila haivuji, moto unashika, presha inatulia. Kilichokufa ni sili mbili za pistoni, vipete vya mpira ambavyo havijazi hata kiganja. Vimekauka hadi vinalia ukivigonga mezani. Ukishusha wenzo, maji ya moto yanapanda juu ya pistoni na kukutiririkia vidoleni, kahawa chini inapata matone.

Nikaagiza nje. Muuzaji kaandika "sili orijino za Europiccola, zinaingia mashine zote". Nikalipa bei, nikalipa usafiri, nikalipa ushuru, jumla laki moja na themanini. Wiki saba nasubiri. Zikafika, nikavisha ya kwanza kwenye pistoni, nikasukuma ndani ya silinda: haiendi. Nikapaka grisi ya chakula: haiendi. Nikatoa venia, kile kifaa cha kupimia milimita, nikapima. Ni za mashine mpya!

Mashine hii ilianza kutengenezwa 1961 na mpaka leo inauzwa kwa jina lilelile, lakini mnamo mwaka 2000 hivi kichwa chake, sehemu inayobeba pistoni na kikapu cha kahawa, kilibadilishwa. Kikapu cha kahawa cha zamani ni milimita 49, kipya ni 51. Kikapu hakiingiliani, mkono wa kikapu hauingiliani, sili haziingiliani. Muuza spea anayejua kazi yake analijua hilo. Sasa kwa nini huandiki milimita? Namba mbili tu, unaogopa nini? Nilipomwandikia alinijibu nihakikishe nimezivisha vizuri, kisha akanyamaza moja kwa moja.

Wenye Faema E61, mashine nyingine ya kahawa ya zamani, mna nafuu. Nayo ni ya 1961, ila kichwa chake kimenakiliwa na viwanda vingi na bado kinatengenezwa, kwa hiyo mpira wake mnaupata. Sisi wengine tunaokoteza.

Fundi mmoja hapa alinikatia vipete kwenye mpira wa gari. Viliingia, na maji yakaziba kweli. Lakini kikombe cha kwanza kilinuka tairi, cha pili vilevile, nikamwaga. Mpira usio wa chakula ndani ya maji yanayokaribia kuchemka, halafu nimpe mama anywe? Hapana.

Na lililoniumiza kuliko pesa ni hili. Mwezi uliopita nilisikia hoteli moja ya mjini imetoa stoo mashine mbili za wenzo za zamani. Nikadandia bodaboda mbio. Nilichelewa siku moja. Wanunuzi wa vyuma chakavu walishazibeba, zimepimwa kwa kilo sawa na koki za bomba. Vichwa, pistoni, vikapu, vitu tunavyovitafuta dunia nzima, vyote vinakwenda kuyeyushwa. Mlinzi alinionyesha kilichobaki sakafuni: kipini kimoja cheusi cha bakelaiti, kimepasuka katikati. Nimekichukua, kipo kabatini.

Sasa naomba. Mwenye sili za kichwa cha kabla ya 2000, pima kwanza, unitumie picha venia ikiwa juu yake, bei tutaongea. Na kama kuna parokia, ofisi au nyumba ya mzee unakojua mashine kama hii imelala stoo, hata iwe imeoza, nishtueni kabla haijafika kwenye mzani. Nitaifuata mwenyewe, na nitalipa zaidi ya bei ya kilo.