Tupeane uzoefu: kula kwenye daina za mtindo wa kale New York saa za msongamano

Mtaa wa 51
Wakuu, kuna picha ya kikombe cha chuma cha milkisheki ilipita hapa jana, imenikumbusha kwamba mada hii hatujawahi kuikalia vizuri. Kila anayefika New York anapelekwa kwenye daina, yaani migahawa ya Kimarekani ya kaunta, za karibu na majumba ya maonyesho ya Broadway, zile za sofa nyekundu, kaunta inayong'aa na wahudumu wanaoimba. Wengi wanatoka wamenuna: foleni saa nzima, viazi vimepauka, bili haieleweki. Karibu kila kero hapo ina sababu yake na ina dawa. Anayejua jikoni aseme ya jikoni, anayejua foleni aseme ya foleni.

Mama Foleni
Nianze mimi basi. Saa mbaya ni Jumamosi na Jumapili, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Nyingine ni kila jioni kuanzia saa 11, kwa sababu maonyesho mengi ya Broadway huanza saa 1 au saa 2 usiku na watu wote wanataka washibe kabla pazia halijafunguka. Jumatano ongezeni na mchana, kuna maonyesho ya saa 8. Saa 9 alasiri ndiyo yenu, pamepoa.

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni kumtanguliza mmoja ashike nafasi za watu sita. Daina yenye foleni haikalishi kundi ambalo halijatimia. Jina linaitwa, linarukwa. Mkiwa wawili, ombeni kaunta. Meza ya watu wanne inasubiri wanne wote wamalize, stuli inasubiri mtu mmoja tu. Na mwenye tiketi ya onyesho aingie mlangoni masaa mawili na nusu kabla ya onyesho kuanza, si lisaa limoja kabla.

Kijana wa Queens
Kaunta, naunga mkono.

Fundi wa Bamba
Ya jikoni. Karibu kila kitu pale kinapita juu ya bamba moja la chuma la kukaangia. Mpishi anayejua kazi analigawa kwa joto: upande wa mayai nyuzi 125 hadi 135 za Selsiasi, upande wa nyama na viazi 180 hadi 200. Msongamano ukianza, viazi vya baridi vinamwagwa vingi kwa mara moja, joto la bamba linaporomoka, maji ya viazi yanakuwa mvuke na kuvipika badala ya kuvikausha. Ndiyo sababu unaletewa viazi vyeupe, laini kama vya mgonjwa. Sema mapema, wakati wa kuagiza: vikaushwe viwe kahawia pande zote mbili. Mpishi atavitandaza vyembamba aviache dakika nne, tano kila upande bila kuvigusa. Utasubiri zaidi, lakini utakula viazi.

Mayai sasa. Ukisema "ya kukaanga" ukanyamaza, hujaagiza kitu. Yapo ya jicho yasiyogeuzwa, yapo yaliyogeuzwa kidogo kiini kikabaki maji, yapo yaliyogeuzwa mpaka kiini kikaganda, yapo ya kuvuruga. Ya jicho ndiyo yanayoharibika upesi. Sahani ikikaa kwenye dirisha la jikoni, chini ya taa za joto, dakika tatu, kiini kinavaa utando na kingo zinakuwa mpira. Na kwenye daina ya kuimba, mhudumu akiwa katikati ya ubeti, sahani yako iko pale pale inamngoja. Huko agiza kinachovumilia taa: supu, baga, sandwichi ya jibini.

Mkisikia jikoni wanaita "86", maana yake chakula hicho kimeisha. Msimngoje mhudumu arudi kuwaambia, chagueni kingine.

Mtaa wa 51
Fundi, hiyo ya taa ni dhahabu.

Reli Kuukuu
Samahani wakuu, hayo mnayoyasema si daina, ni majumba ya maonyesho yaliyopakwa rangi ya daina. Daina ilianza na gari la kukokotwa na farasi: Walter Scott, mji wa Providence, 1872, akiwauzia chakula wafanyakazi wa usiku. Baadaye viwanda, hasa vya New Jersey, vikawa vinaziunda nzima nzima na kuzisafirisha mpaka kiwanjani. Ndiyo maana daina halisi ni nyembamba na ndefu kama behewa, ilibidi ipite barabarani. Empire Diner pale Chelsea ni ya kiwanda cha Fodero, mwaka 1946. Angalieni karibu na mlango, mara nyingi kuna kibao kidogo cha chuma chenye jina la kiwanda. Hakuna kibao, hakuna daina.

Mama Foleni
Mzee Reli, heshima yako, ila mtu mwenye watoto watatu hatafuti kibao. Ellen's Stardust imefunguliwa 1987 na inajulikana kwa kuimba, wala haijamdanganya mtu. Anayekwenda anataka wimbo. Mwambie namna ya kukaa vizuri, historia atasoma baadaye.

Reli Kuukuu
Dada, historia ndiyo inayokwambia kaa wapi. Behewa lina bamba nyuma ya kaunta, unamwona mpishi na unaona sahani yako ikitoka. Hizo za kisasa jiko liko nyuma ya ukuta. Aliyosema Fundi kuhusu taa yanatokana na hapo hapo.

Fundi wa Bamba
Hapo Mzee Reli ana haki.

Hesabu Kali
Bili. Kodi ya mauzo ya jiji ni asilimia 8.875 na haimo kwenye bei ya menyu. Ukila kwa dola 60, kodi ni dola 5.33. Njia ya wenyeji ni kuzidisha kodi mara mbili: dola 10.65 hivi, yaani karibu asilimia 18 ya bakshishi. Asilimia 20 kamili ni dola 12. Sasa tazama mapendekezo yaliyochapwa chini ya risiti: mara nyingi yamepigwa juu ya jumla yenye kodi, kwa hiyo "asilimia 20" yao inafika dola 13.07. Kabla ya kuandika chochote, soma kama bakshishi imeshaongezwa, hasa kundi likiwa kubwa. Watu wanalipa mara mbili bila kujua.

Kijana wa Queens
Mimi nasema asilimia 15 inatosha kabisa kama chakula kimechelewa.

Hesabu Kali
Kaka, aliyechelewesha ni jiko, unayemkata ni mhudumu. Mwaka 2025 mwajiri wa New York City aliruhusiwa kumlipa mhudumu wa chakula dola 11 taslimu kwa saa, wakati kima cha chini kilikuwa dola 16.50. Pengo hilo linajazwa na bakshishi. Na ndoo ya michango inayopitishwa baada ya nyimbo ni fungu lingine, isihesabiwe kama umemlipa aliyekuhudumia.

Kijana wa Queens
Hilo la pengo sikubaliani nalo, ni kazi ya mwajiri. Ila nimeelewa hesabu.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kwa kuwa tumeanza na picha ya milkisheki, hili lisemwe. Mashine ina vijiti vinavyozunguka ndani ya kile kikombe cha chuma. Saa ya msongamano kijiti kinatoka kwenye milkisheki ya siagi ya karanga, kinasuuzwa sekunde mbili, kinaingia kwenye ya chokoleti. Mwenye mzio ameuliza "ina karanga?" akajibiwa kweli kabisa kwamba haina. Kikombe kinafika kimeota ukungu wa baridi nje. Funda la tatu, midomo inawasha. Shingoni vinatoka vivimbe. Anakohoa, sauti inakwaruza, na muziki uko juu, wenzake wanapiga makofi wanadhani kapaliwa. Mmoja anampa maji. Mwingine anatafuta kidonge cha mzio, nacho hakitamfungulia koo. Kalamu ya adrenalini, ile sindano ya dharura ya mzio, iko hotelini.

Utaratibu ni huu. Kalamu kwanza, ubavuni mwa paja, hata juu ya suruali, ukishikilia sekunde zilizoandikwa kwenye kalamu yenyewe. Piga 911. Mlaze na miguu iinuliwe. Akihema kwa shida mwache akae, lakini asisimame wala kutembea. Hali isipobadilika ndani ya dakika 5 hadi 15, kalamu ya pili. Hospitali ni lazima hata akipata nafuu, dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na swali la kumuuliza mhudumu si "ina karanga?" bali "kijiti na kikombe vinaweza kuoshwa kwa sabuni kwanza?" Jibu likiwa la kusitasita, agiza soda ya chupa.

Mtaa wa 51
Nesi, asante sana. Nina mpwa mwenye mzio wa ufuta. Naye?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mkate wa baga ni hatari kwake. Tangu Januari 2023 ufuta lazima uandikwe kwenye vyakula vya pakiti Marekani, na baadhi ya viwanda vya mikate vikaamua kuuweka kabisa kwenye unga. Mbegu usizione juu, bado umo ndani. Aombe waonyeshwe mfuko wa mkate wenyewe.

Kijana wa Queens
Ile herufi inayobandikwa dirishani mwa mgahawa je?

Fundi wa Bamba
Alama za ukaguzi wa afya. Pointi za makosa 0 hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, 28 na kuendelea ni C. Inaeleza usafi wa siku ya ukaguzi. Haisemi lolote kuhusu kijiti cha milkisheki.

Mama Foleni
Na mkishapata kaunta, ikwepeni stuli iliyo mkabala na mahali wahudumu wanapochukulia sahani. Mtapigwa viwiko mpaka mmalize.