Tupeane uzoefu: asaimenti yako ya kwanza chuoni ilirudi imeandikwa nini kwa wino mwekundu?

Mwana Mikindani
Dogo wangu kaanza mwaka wa kwanza hapa Mtwara mjini. Jana kaniletea insha niipitie, sentensi ya kwanza kabisa: "Zifuatazo ni sababu sita za..." Nikacheka peke yangu. Jamani, kidato cha sita kitatufuata mpaka kaburini. Mliopita huko semeni yenu, maana anadhani namwonea.

Korosho Ghafi
Sita hizohizo, kila moja na mfano wake, halafu "kwa kuhitimisha". Mtihani wa taifa ulinipa B. Chuoni nikapewa 7 kwa 20.

Binti Nachingwea
Umenikumbusha mbali. Swali letu lilikuwa tutathmini kwa nini mradi wa karanga wa Waingereza ulianguka, ule wa 1947 hadi 1951. Sasa mimi kwetu ndiko, hadithi za mapori kufyekwa nimekua nazisikia, nikajua hapa ni A ya bure. Nikashusha nondo: mvua haba, udongo wa Kongwa kule Dodoma kukauka ukagoma kulimika, matrekta mabovu, wataalamu wasioijua nchi, bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea bado zinajengwa huku pori linafyekwa. Ikarudi na 9, na pembeni maneno mawili: "Wewe unasemaje?"

Nikamfuata mwalimu ofisini nimevimba. Hakugomba. Akauliza, kama tatizo ni mvua, mbona Nachingwea inapata mvua nafuu kuliko Kongwa na huko nako mradi ulikufa? Nikabaki namtazama. Akasema, hapo ndipo insha yako inapoanzia. Swali linasema tathmini, halisemi taja. Pima ipi ina uzito, isimamie, uiweke kwenye utangulizi msomaji aione mapema, halafu kila aya ije na jambo moja la kuitetea. Na aya moja umpe nafasi anayekupinga, umjibu.

Nikarudi Chikongola nikaandika upya. Msimamo wangu: Uingereza ilitoka vitani haina mafuta ya kula, ikakimbilia kufyeka kabla ya kupima, hali ya hewa ikamalizia tu. Hoja ni zilezile, na mbili nikazitupa. Safari hii nikapata 16.

Mzee wa Ligula
Kweli tupu.

Kibaraza cha Magomeni
Dada, hizo karanga zako ni ndogo. Sikilizeni hii.

Grupu asaimenti, tuko wanane, chuo sikitaji. Kila mtu kafanya kipande chake, kuunganisha na kuchapa tukampa jamaa mmoja mwenye laptopu. Bumu, pesa za mkopo, likatoka. Jamaa haonekani, simu haipokelewi, tunasikia yuko Shangani na watu wake anakula pweza. Asubuhi ya kukusanya huyo hapo, kazi imebanwa vizuri, kava limenyooka, majina yetu yote. Tukamshukuru!

Siku ya prezentesheni lekchara akaanza kusoma mwenyewe kwa sauti: "Kama tulivyoona katika sura iliyotangulia..." Akavua miwani. "Insha ya kurasa tano. Sura ipi?" Jamaa bila kupepesa macho: "Ipo geto, chumbani kwangu, mwalimu." Watu wakaanguka. Mzee akafungua ukurasa mwingine: "Na hapa mmeandika, wavuvi wa ziwa letu. Mtwara ziwa lipo upande gani?" Kumbe vipande vyetu hakuvigusa, kanunua desa, kazi ya kunakili, kwa mtu wa mwaka wa tatu, la Mwanza hilo. Sote sifuri, wengine wakaishia sapu, yaani mtihani wa marudio.

Korosho Ghafi
"Ipo geto" 😂😂😂 naomba maji

Mwana Mikindani
Yuko wapi huyo mtu sasa?

Kibaraza cha Magomeni
Ticha Newala. Wanafunzi wake wanasema kwa kunusa desa hana mpinzani.

Upepo wa Kusini
Mnacheka lakini kumdhalilisha mtu mbele ya darasa si ualimu. Na saba wengine wana kosa gani?

Mzee wa Ligula
Majina yao yapo kwenye kava. Kwa nini hawakuisoma kabla?

Upepo wa Kusini
Imefika asubuhi mzee, waisome saa ngapi? Halafu tusidanganyane, vyuoni nani hadesi?

Binti Nachingwea
Mimi. Na kudesa si kukopi neno kwa neno tu. Wazo la mtu ukilipindapinda maneno bila kumtaja, bado ni lake. Dogo aandike marejeo kila anapochota, asisubiri mwisho, atasahau alichota wapi. Na waandishi wakiwa wanne awataje wote mara ya kwanza.

Korosho Ghafi
Hapo umepitwa dada. APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, toleo la saba la 2019, kuanzia waandishi watatu unamtaja wa kwanza "na wenzake", tangu mara ya kwanza.

Binti Nachingwea
Sisi tulifundishwa wote.

Korosho Ghafi
La sita hilo. Mlisoma lini nyie?

Binti Nachingwea
Umri wangu unahusiana nini na mada?

Mzee wa Ligula
Dogo afuate mwongozo wa idara yake, basi. Kuna wanaotaka mtindo wa Harvard, utabishana na APA yako mpaka usapu.

Mchumi Tandahimba
Ushauri wangu: utangulizi uandike mwisho. Utatambulishaje kitu ambacho hakijazaliwa?

Upepo wa Kusini
Mimi bila utangulizi siendi popote. Naandika wa ovyo, nikimaliza naufuta.

Mchumi Tandahimba
Si ndiyo nilichosema?

Upepo wa Kusini
Hapana.

Mwana Mikindani
Dogo yuko hapa anasoma. Anauliza, kwenye hitimisho anaruhusiwa kuongeza hoja mpya?

Mzee wa Ligula
Asithubutu.

Kibaraza cha Magomeni
Aongeze tu, akiulizwa aseme zingine zipo geto.

Binti Nachingwea
Dogo, usimsikilize huyo. Kama hoja ni nzuri irudishe juu uipe aya yake, na hiyo "zifuatazo" ifute leo leo.