Mjadala: Abiria asiyetoka uwanjani anadaiwa viza ya nini?

Wakuu, mtu anayeshuka ndege moja na kupanda nyingine bila kukanyaga nje ya uwanja ana sababu gani ya kuwa na viza ya nchi anayopitia? Nautanguliza msimamo wangu ili mnishambulie vizuri: hana. Na pale sheria inapomlazimisha awe nayo, aliyemuuzia tiketi ndiye wa kumwambia kabla ya kupokea hela.

Kila nikiligusa suala hili najibiwa kwamba nchi ina haki ya kujua nani yuko kwenye ardhi yake, abiria asome masharti. Haya, tuyasome.

Nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa pasipoti baina yao, zina viza ya uwanja wa ndege, aina A. Raia wa nchi 12, zikiwemo Nigeria, Ghana, Ethiopia, Somalia, Kongo ya Kinshasa, Pakistan na Sri Lanka, wanadaiwa viza hiyo katika viwanja vyote vya eneo hilo, na nchi mwanachama inaweza kuongeza orodha yake yenyewe. Ada ni yuro 90, ile ile anayolipa mtalii. Mtalii anaingia mjini. Huyu wa aina A anaruhusiwa kukaa eneo la transiti, yaani ukumbi wa kusubiri ndege ya kuunganisha, basi. Ndege ikiahirishwa mpaka kesho, hoteli iko ng'ambo ya dirisha la uhamiaji na viza yake haimfikishi huko. Amelipia kiti cha chuma.

Tena huyo huyo akiwa na viza hai ya Marekani, Kanada au Japani, anasamehewa. Chukua Waghana wawili wanaopitia Frankfurt. Mmoja anakwenda New York na viza yake mkononi, anapita. Mwenzake anakwenda São Paulo, naye viza ya huko anayo, lakini bila ile ya aina A hapandi ndege. Ukumbi ni mmoja na saa za kusubiri pengine ni zile zile.

Watetezi wana hoja moja nzito: wapo walioshuka transiti, wakachana pasipoti chooni, wakaomba hifadhi. Hilo lipo, silikatai. Ila orodha inamhukumu mtu kwa jalada la pasipoti, haitazami amesafiri mara ngapi na kurudi.

Marekani naiweka kando. Kupita bila viza kulisimamishwa kule Agosti 2003 kwa sababu za usalama, lakini viwanja vyao kwa kawaida havina ukumbi wa transiti wa kimataifa: kila anayeshuka anapita uhamiaji, anachukua begi lake na kulikabidhi upya. Huyo ameingia nchini kweli, kwa hiyo kumdai viza kunaeleweka. Kanada na Australia nazo zina viza ya kupita, ila hazitozi ada.

Kilichonifungua macho ni Uingereza. Walipoanzisha kibali cha kielektroniki kwa wasiohitaji viza, wakakidai hata kwa wanaounganisha ndege tu. Uwanja wa Heathrow ukalalamika kwamba unapoteza abiria, na Januari 2025 wasiopita uhamiaji wakaondolewa sharti hilo. Raia wa nchi zinazodaiwa viza ya transiti wakaachwa pale pale. Kumbe sharti linalegezeka biashara ikiumia.

Sasa kaunta ya kukabidhi mabegi. Yalinikuta mwenyewe, sina viza ya kupita. Begi lilikuwa limeshapimwa na kubandikwa lebo. Dada wa kaunta akaandika, akanyamaza, akaandika tena, akamwita msimamizi. Wakainong'onea skrini. Kisha begi likateremshwa kwenye mkanda na lebo ikakatwa kwa mkasi. Sikumlaumu dada yule. Uingereza iliyawekea mashirika ya ndege faini kwa sheria ya mwaka 1987, pauni 1,000 kwa kila abiria waliyembeba bila karatasi kamili, baadaye ikawa 2,000, na nchi za Umoja wa Ulaya nazo zinayatoza maelfu ya yuro. Mpaka wa nchi umehamishiwa kwenye mizani ya mabegi, na mlinzi wake ni mtu aliyeajiriwa kukata kadi za kupandia ndege.

Lakini mfumo wa Timatic, unaoonyesha pasipoti gani inahitaji viza gani na wapi, mashirika wanao. Nilipokuwa nanunua tiketi niliulizwa uraia na namba ya pasipoti. Mbona haikusomwa siku ile, ikaja kusomwa saa mbili kabla ya safari? (Walionunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa hela, hao hali yao ni mbaya zaidi: mara nyingi begi haliunganishwi, inabidi watoke kulichukua, na bila viza ya kuingia hawatoki.)

Anayenipinga aanze na ile ya aina A. Kama haimruhusu mtu kutoka, na asiyekuwa nayo pia angebaki ukumbini, yuro 90 zinanunua nini?