Daktari akisema "don't go cold turkey", anakuambia nini?

Swali, kutoka Leicester

Wanajamvi, habari za jioni. Karatasi ya kliniki imeandikwa "do not stop cold turkey", na programu ya tafsiri inatoa "bata mzinga baridi". Naomba kujua maana yake, ulikotoka msemo huu, na jinsi ya kumweleza mzee asiyejua Kiingereza.

Jibu, mkalimani wa hospitali, Birmingham

Shikamoo kwa wakubwa. Kwenda "cold turkey" ni kuacha ghafla kitu ambacho mwili umekizoea: jana ulikuwa nacho, leo huna hata chembe. Bata hayumo kabisa.

Wengi watakuambia asili yake ni ngozi. Mtu aliyekatiwa heroini husisimka mwili, vinyweleo vikasimama, akafanana na ndege aliyenyonyolewa. Maelezo hayo yanavutia, lakini siyategemei. Wamarekani walikuwa na msemo "talk turkey", yaani kusema wazi, tangu karne ya 19, na baadaye "talk cold turkey", kusema bila kupaka mafuta. Kutoka kusema bila kuzunguka hadi kuacha bila kuzunguka ni hatua fupi. Kwa habari ya dawa za kulevya, msemo umo katika gazeti la mji wa Victoria, British Columbia, Kanada, la Oktoba 1921, likieleza matibabu ya watumiaji waliojisalimisha wenyewe.

Kwa mzee, sema "usiache ghafla". Usiseme "usiache mara moja": mgonjwa ameshazoea kusikia "kidonge kimoja mara moja kwa siku", na hapo maneno yatamchanganya. Daktari akisema "wean off", halizungumzwi titi la mama ingawa neno ni hilohilo la kumwachisha mtoto kunyonya. Anataka dawa ipunguzwe kidogo kidogo. "Taper" nayo ni hivyohivyo.

Vijana wa pwani watauliza kama hii ndiyo arosto. Arosto ni mateso yanayompata mtu akikosa unga, yaani heroini. "Cold turkey" kwanza ni namna ya kuacha, ingawa Waingereza nao huyaita mateso yenyewe kwa jina hilo.

Jibu, mfamasia, Manchester

Naongeza upande wa dawa, kwa sababu hapa kosa la tafsiri linaweza kuua.

Prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe: ukiitumia zaidi ya wiki 3, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yake ya asili, kwa kuwa dawa inafanya kazi yake. Ukikata ghafla, mwili unabaki mikono mitupu: kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, hata kuzimia. Vilevile ukizidi miligramu 40 kwa siku kwa zaidi ya wiki moja, hupunguzwa kwa ratiba. Kosa ninalolihofia zaidi ni la vidonge. Vipo vya miligramu 5 na vya miligramu 1. Kushuka kutoka 10 hadi 9 maana yake ni kimoja cha 5 na vinne vya 1. Anayehesabu vidonge badala ya miligramu hukosea papo hapo. Andikeni ratiba ya kila siku kwenye kalenda ya ukutani, kwa miligramu.

Pombe: kwa anayekunywa sana kila siku, kuacha ghafla nyumbani ni hatari. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka akiona vitu visivyokuwepo kati ya siku ya pili na ya nne. Akifikia hapo piga 999, namba ya dharura ya Uingereza, usimfungie chumbani umwombee tu. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1.

Diazepam (dawa ya kutuliza wasiwasi) na dawa za sonona nazo zisikatwe bila ratiba ya daktari.

Sigara ni kinyume chake. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016, wavutaji 697 waligawanywa makundi mawili. Baada ya wiki 4, walioacha kwa siku moja walikuwa bado hawavuti kwa asilimia 49, waliopunguza kwanza asilimia 39. Wote walipewa viraka vya nikotini na ushauri, kwa hiyo viraka visidharauliwe.

Jibu, Minneapolis

Kwa kahawa, kuelekea Ramadhani: kichwa huanza kuuma saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Anayekunywa vinne ashuke kikombe kimoja kila siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama.

Mkalimani tena

Kwa mzee, ombeni mkalimani wa Kiswahili mnapoweka miadi, si mkishafika. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hailipishi. Na msimtumie mtoto kutafsiri miligramu.