Springi za valvu: boksi moja, kila springi na urefu wake. Hii ni seti gani?

Wadau, nimekasirika na sifichi. Hizi springi za valvu (zile zinazorudisha valvu za injini kufunga) tunazouziwa Kirinyaga Road, Nairobi, kama "seti" mbadala wa jenyuini si seti. Ni springi za kuokoteza zilizotiwa boksi moja.

Gari ni Probox, injini ya 1NZ, valvu 16. Hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) imeshasagwa, siti zinapokalia valvu zimekatwa vizuri, na mwenye gari anapiga simu kila saa kwa sababu hiyo Probox ndiyo inamlisha. Nikasimamisha springi zote juu ya kioo, nikalaza rula ya chuma juu yake. Mwanga unapita chini ya rula! Vernia, kile kipimo cha milimita, ikanipa tofauti ya zaidi ya milimita moja na nusu kati ya ndefu na fupi. Nikazisogezea skwea ya kuonyesha kama zimesimama wima, mbili zimelala upande hata huhitaji kipimo. Springi kama hiyo inasukuma valvu kando, na kwenye kila mzunguko inakula njia ya valvu (tundu inamoteleza) na sili yake ya oili.

Nampigia muuzaji, jibu: "Boss, hizo zote ni sawa, funga gari itembee." Kurudisha? Boksi lishafunguliwa, basi. Sasa nitapimaje springi bila kufungua boksi?

Na urefu ndio kasoro ndogo. Ugumu wa springi unafuata unene wa waya kwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 4.0 ukitengenezwa 3.9, mengine yote yakiwa sawa, karibu asilimia 10 ya ugumu imeenda, na kwa macho huoni kitu. Injini ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Springi dhaifu haiwahi. Valvu ya ekzosi hupoza moto wake mwingi kupitia siti, isipokaa sawasawa inaungua, kompresheni inashuka, na anayetukanwa ni fundi. Mwenye duka hata jina lake halitajwi.

Moja ina mstari kwenye waya, ukipitisha ukucha unakwama. Springi hukatika kwa kuchoka, na ufa huanzia penye mkwaruzo kama huo. Ndiyo maana viwanda vinavyojali huupiga uso wa waya kwa vipunje vya chuma ili uwe mgumu kupasuka.

Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia niweke washa (kile kibati cha duara) chini ya zile fupi. Washa inaongeza mzigo valvu ikiwa imefungwa, sawa, lakini inapunguza nafasi kati ya mizunguko ya springi valvu ikifunguka yote, na chuma kibovu kinabaki kibovu.

Ninachotaka ni kidogo: boksi liandikwe springi inabeba kilo ngapi kwa urefu wa kufungia (ule inaokuwa nao ikishafungwa kwenye hedi), na tukubaliwe kupima kaunta kabla ya kutoa pesa. Bei si shida, wateja wetu wangelipa zaidi wakijua wanapata nini.

Walio na mashine ya kupimia springi, Industrial Area au Kariobangi, mnatoza ngapi kwa 16? Nataka zipimwe moja moja, niandikiwe kwa karatasi, niende nayo dukani.